Binti yangu ndo dairekta wangu, na sini iliyobaki ni ya jikoni kwetu

Shangazi, habari za siku. Nisamehe barua ni ndefu, nimeiandika mara tatu nafuta. Najua wengi wanaokuandikia ni mabinti wana mambo ya mapenzi na ndoa, mimi nina miaka 58 na tatizo langu ni la kazi, au niseme ni la mtoto, yaani hapo ndo nimekwama, sijui ni lipi.

Mimi ni muigizaji. Nilianza jukwaani nikiwa na miaka 22, baadaye nikaingia kwenye filamu na tamthilia, nimecheza mama mkwe, nimecheza malkia, nimecheza mlevi, miaka 36 hii sijawahi kufanya kazi nyingine. Binti yangu ana 30 sasa, ni wa pekee, kakulia nyuma ya mapazia, alikuwa analala juu ya rundo la mavazi ya maonyesho huku mi niko mbele ya watu. Aliposema anataka kuwa dairekta nilifurahi mpaka nikaogopa. Ameshafanya filamu fupi 3 na hii ndo ndefu yake ya kwanza, skripti kaandika mwenyewe, miaka minne anaiandika anaifuta. Mwaka jana akaja akaniambia mama, kuna nafasi ya mama humu na simuoni mtu mwingine. Nikasema ndiyo hapohapo, sijasoma hata ukurasa mmoja, hata mkataba sijaomba, nani anamwomba mtoto wake mkataba?

Sasa tumefika nusu ya kazi na mambo hayaendi vizuri. Siku ya tatu kulikuwa na sini ndogo tu, naingia mlangoni, naweka funguo mezani, namuona mtu kakaa, nasema "umerudi". Neno moja Shangazi. Tumelirudia mara 17. Kila tukimaliza yeye anasema "tena". Hasemi tena lakini taratibu, hasemi tena lakini usimwangalie, anasema "tena" basi. Kwenye teki ya 12 hivi nikamuuliza mbele ya watu wote, "we unataka nini hasa?" Na nilimuuliza kwa ile sauti, wewe mzazi utakuwa unaijua, sauti ya kuuliza nani kavunja glasi. Seti ina watu kama 25, wote kimya. Akavua hedifoni, akaja mpaka karibu yangu, akaninong'oneza, "Mama, hapa usiwe mama." Akarudi kukaa kwenye monita yake, tukafanya nyingine tano.

Tangu siku hiyo ananiongelesha kupitia kwa msaidizi wake. Halafu watu wa seti nao wameliongeza tatizo bila kujua. Kameramani nimewahi kufanya naye kazi mbili, mtu wa taa ananijua, kwa hiyo wananigeukia, "mama hii unaionaje?" na mimi nimezoea kujibu, najibu, nikigeuka namuona binti yangu kajiinamia kwenye makaratasi yake anajifanya anasoma.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonifanya nikuandikie ni sini namba 64.

Ni jikoni. Kwenye skripti imeandikwa hivi, mama anaosha kikombe, binti kasimama mlangoni na begi lake, anaondoka nyumbani, mama hageuki, anasema "Nenda. Mimi sitakulilia." Halafu imeandikwa, anaendelea kuosha kikombe kilekile ambacho kimeshatakata.

Shangazi hayo maneno ni ya kwangu. Niliyasema mimi. Ni miaka 12 imepita, yeye alikuwa na 18, nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya miezi mitano mbali na nyumbani na nikakuta kaamua kuhamia kwa baba yake. Tukagombana, akaniambia "wewe unajua kuwa mama ukiwa jukwaani tu", na mimi nikamwambia nenda, sitakulilia. Tulikaa miezi 14 hatuongei. Baadaye tulipatana, tukaendelea na maisha, lakini siku ile hatujawahi kuitaja, hata mara moja, mimi nilikuwa najipa moyo kwamba kasahau. Hajui kwamba mlango ulipofungwa nilikaa chini sakafuni na bomba sijalifunga, maji yakajaa yakamwagika mpaka miguuni kwangu na bado sikuinuka. Sikuwahi kumwambia mtu.

Hiyo sini inapigwa siku 10 kuanzia leo. Usiku silali. Nawaza nimwombe aitoe, lakini ni filamu yake, nina haki gani? Nawaza nijitoe nisingizie afya. Nawaza niigize tu kama vile sijaelewa, mimi si ndo kazi yangu. Lakini kila nikifikiria kusimama pale na kuyasema maneno yale tena, na mtoto wangu mwenyewe amekaa nyuma ya monita ananiambia "tena", mara 17, naona nitavunjika mbele ya watu. Je anafanya makusudi? Ananiadhibu? Nifanyeje Shangazi.

Mama wa Dairekta

JIBU

Dada yangu, shikamoo. Unaniita Shangazi na naipokea kwa heshima lakini kwa umri wewe ni mkubwa wangu, kwa hiyo nitakuita dada. Barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaiweka mbele, zile siku 10 zisije zikaisha nikiwa bado nawajibu watu wengine.

Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi ya seti miaka kadhaa, mwangalizi wa mwendelezo, yule mtu anayekaa pembeni na daftari anakumbuka kikombe kilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto, mkono wa shati ulikunjwa mara ngapi, ili teki ya asubuhi iungane na ya jioni. Nimekaa karibu na madairekta wengi. Kwa hiyo hapa naongea na wewe kidogo kama mshauri na kidogo kama mtu aliyekuwepo.

Usijitoe. Naanza na hilo maana ndo lenye haraka. Nusu ya filamu imeshapigwa na uso wako umo, ukitoka leo zile sini zote zinarudiwa na mtu mwingine au filamu inakufa, na filamu ndefu ya kwanza ikifia njiani ni ngumu sana mtu kuaminiwa pesa ya nyingine. Halafu kuna hili ambalo nadhani hata wewe unalijua, ukisingizia afya ukaondoka, utakuwa umempa mgongo mara ya pili.

Sasa kuhusu hiyo "tena". Iliniuma nilipoisoma maana nimeisikia sana, hasa kwa madairekta wachanga. Dairekta mwenye uzoefu anajua kumpa muigizaji kitu cha kufanya, anamwambia mfiche kitu, mkaribishe, mpime, kitendo kimoja ambacho mwili unaweza kukifanya. Mchanga anaona kwamba kuna kitu hakijakaa ila bado hana neno la kukisema, kwa hiyo anasema tena akitumaini kitakuja chenyewe. Na wakati mwingine "tena" haikuhusu kabisa wewe! Ulipita alama uliyowekewa chini usimame kwa kidole kimoja tu na mtu wa fokasi, yule anayehakikisha picha haina ukungu, akakosa, maiki imeingia kwenye picha, nje kumepita gari, na wewe uliyesimama mbele ya kamera hakuna anayekueleza, unabaki unajiona ni wewe tu unakosea. Kuna na hili, naomba usinikasirikie, umetoka jukwaani. Jukwaani uso lazima umfikie aliyekaa mstari wa mwisho. Kwenye klozapu, ile picha ya uso kwa karibu, nyusi ikipanda kidogo tu imejaza skrini nzima. Inawezekana kabisa binti yako anaona mama yake anaigiza "umerudi" wakati yeye anataka mama anayesema umerudi, na hawezi kukwambia mama punguza, atamwambiaje mtu aliyemfundisha kusimama jukwaani? Naelewa kwa nini ulikasirika. Ila kuuliza kulikuwa sahihi, kilichoharibu ni ile sauti na wale watu 25. Safari ijayo mfuate mwenyewe mkiwa wawili, muulize "huyu mama anataka kumfanya nini huyu aliyekaa hapa?" Swali kama hilo linampa mlango wa kuingilia, na nakuhakikishia atashukuru hata asiposema.

Ile ya mbele ya watu iombe radhi mbele ya watu. Asubuhi kabla kazi haijaanza, sentensi moja, dairekta samahani kwa siku ile, nilikuuliza vibaya, basi nenda kavae. Usiongeze maelezo na usimkumbatie. Ukimkumbatia hapo umeshageuka mama tena na yeye amegeuka mtoto mbele ya timu yake. Na yule kameramani akikuuliza mama unaionaje, jibu lako liwe "muulize dairekta", kila mara, hata kama unaiona picha imekaa vibaya na roho inakuwasha. Seti ikishakuwa na watu wawili wa kuulizwa, kila uamuzi unachukua muda mara mbili na yule mwenye filamu anaanza kujitilia shaka. Alipokwambia usiwe mama hapa, mimi sisikii dharau. Nasikia mtu anayeomba nafasi ya kufanya kazi yake.

Na mkataba saini, dada. Najua unaona ni jambo la aibu kati ya mama na mwana lakini nisikilize. Kwanza filamu yenyewe inauhitaji, wasambazaji huwa wanadai karatasi ya kila muigizaji inayoonyesha karuhusu kazi yake itumike, na ikikosekana ya kwako ndo itakayomsumbua mtoto siku akipata mnunuzi. Pili, na hii kwangu ndo kubwa, bila mkataba upo pale kwa fadhila ya mama, na fadhila ina deni ndani yake, kila teki unayorudia unaiandika moyoni. Ukilipwa, hata kiwe kidogo, na masaa yako yakaandikwa, unakuwa umekuja kazini kama wengine na moyo unapumua.

Si nyie wa kwanza. Gena Rowlands, muigizaji wa Marekani, aliigizishwa miaka mingi na mume wake, dairekta John Cassavetes, baadaye mtoto wake wa kiume Nick akamwongoza, na mwaka 2007 binti yake Zoe alipotoa filamu yake ndefu ya kwanza, Broken English, mama akaingia humo kucheza mama wa mhusika mkuu. Ila mfano unaokufaa zaidi ni wa muigizaji Charlotte Gainsbourg na mama yake Jane Birkin, naye muigizaji na mwimbaji. Charlotte alianza kumrekodi mama yake kwa ajili ya dokumentari, maswali ya mwanzo yakamshtua mama, akaomba waache, wakaacha kwa muda mrefu. Baadaye wakarudi wakaimaliza, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2021. Mama yule alisema hili linaniuma, wakasimama, na hakuna kilichokufa. Wewe huna muda mrefu kama wao lakini siku 10 unazo.

Tuje kwenye jikoni.

Umeniuliza kama anakuadhibu. Nimeisoma ile sehemu uliyoinukuu kama nilivyokuwa nasoma skripti zamani, kitu kwa kitu, mkono kwa mkono, na kuna kitu nadhani wewe kimekupita kwa sababu ya maumivu. Mtu anayetaka kukuadhibu angeandika mama anaosha vyombo, hageuki, anasema nenda. Angeishia hapo na wewe ungeonekana jiwe. Binti yako kaandika kikombe kimoja, na kaandika kwamba kimeshatakata na mama bado anakiosha. Dada, aliona! Akiwa na miaka 18, amekasirika, begi liko mkononi, aliona kwamba kile kikombe kilikuwa kisafi na mikono yako haikuweza kukiacha. Amelibeba hilo miaka 12 na kati ya vitu vyote vya siku ile hicho ndicho alichokichagua kukiweka kwenye karatasi. Mimi sidhani ni mtoto anayelipiza, nadhani kwa miaka yote hiyo amekuwa akijiuliza kile kikombe kilikuwa na maana gani.

Na jibu unalo wewe. Umeniandikia katikati ya barua, kwa harakaharaka kama vile ni jambo dogo, kwamba mlango ulipofungwa ulikaa sakafuni na maji yakamwagika mpaka miguuni. Yeye hajui. Alisimama mlangoni, kutoka pale anaujua mgongo wako tu, na sini yake inaishia kwenye mgongo kwa sababu anachokijua kinaishia hapo. Mimi mgeni kabisa umenieleza na yeye hujamweleza.

Kamwambie. Wiki hii, usingoje siku moja kabla maana atakuwa na ratiba kichwani na hatakusikia. Usimwambie seti, wala kwenye chumba cha mavazi, wala kwa meseji. Nenda kwake au mwite kwako siku isiyo ya kazi, umwambie nimeisoma 64, najua ni ya lini, na kuna kitu cha siku ile ambacho hukukiona. Umweleze sakafu na maji kama ulivyonieleza mimi, kwa ufupi vilevile. Na ile aliyokwambia, kwamba unajua kuwa mama ukiwa jukwaani tu, usiijibu kwa kujitetea kwamba ulikuwa unatafuta riziki. Ile miezi mitano ulikuwa mbali kweli, na alikuwa na haki ya kuumia. Mwambie hivyo.

Halafu, na hapa ndo penye ugumu wote, usimwombe abadilishe kitu. Wala usimwangalie kwa jicho la kungoja abadilishe. Ukienda na ombi mkononi atasikia muigizaji mkubwa anajadiliana na dairekta mdogo, na kile ulichompa kitageuka bei. Mpe tu, uondoke. Anaweza akaifuta sini, anaweza akaongeza sakafu na maji, anaweza akaiacha ilivyo mpaka nukta ya mwisho, na akiiacha ilivyo uiigize ilivyo, kwa sababu hiyo sasa ni haki yake kama mwandishi na wewe utakuwa umeshasema ulichokuwa nacho. Nakuomba ujiandae kwa hilo la mwisho maana ndo linalowezekana zaidi.

Kuhusu kuvunjika mbele ya watu. Hapa ongea naye kikazi, au na msaidizi wake maana ndo anayepanga mtiririko wa siku. Kwa kawaida wanapiga kwanza picha pana halafu wanakuja karibu, na muigizaji anafika kwenye klozapu ameshaimaliza sini yote kwenye zile picha za mbali. Kwa sini kama hii unaruhusiwa kuomba waanze na karibu, madairekta wengi wanakubali. Omba seti iwe na watu wachache tu wanaohitajika. Na mwambie mapema, kwa uwazi, "hii nina teki nne ndani yangu, nitakupa nne kamili". Waigizaji wakubwa wanasema hivyo na hakuna anayewaona dhaifu, kinachotokea ni kwamba timu nzima inajiandaa vizuri zaidi kwa sababu wanajua hakuna ya kupoteza. Mkubaliane pia neno lingine badala ya "tena", lolote lile, mchague pamoja.

Na usijaribu kuirudia siku ile yenyewe kwa kila teki, miaka 36 umejifunza ufundi, utumie ufundi. Wewe fikiria kikombe tu. Muombe mtu wa vifaa akuonyeshe siku moja kabla, ukishike, ujue uzito wake na mpini wake unavyokaa kwenye kidole, kisiwe kigeni kwako siku hiyo. Muulize pia kama bomba la pale seti linatoa maji kweli, maana mengi ya seti huwa hayatoi, na ni bora ulijue hilo kabla hujasimama mbele yake.

Ikishapigwa niandikie, hata mistari miwili.

Shangazi